Segera Tulikata Kushoto

Bulwa, 2 Aprili 1967

Mdogo wangu Raheli,

Usishtuke kuona mwandiko umepinda. Kiwiko cha kulia kimechubuka na kalamu naishika kama mwiko. Nimeanguka. Na wala si kiwandani, ni kwenye baiskeli! Cheka kwanza, halafu endelea kusoma.

Tawi letu la chama hapa kwenye mashamba ya chai linapeleka watu kumi na wawili Dar es Salaam kwa baiskeli, tufike Saba Saba, tuonyeshe kwamba wafanyakazi tunaliunga mkono Azimio. Mwenyekiti alipouliza nani anakwenda, mkono wangu ukapanda wenyewe. Baadaye ndipo alipouliza nani hajui kuendesha. Nikanyamaza. Kwetu Ubiri baiskeli inasukumwa kupanda na inasukumwa kushuka, sasa mimi ningejifunzia wapi?

Anayenifundisha ni Mika, fundi wa mashine, mtu wa Njombe. Mkali huyo! Nikiegemea upande anapiga kelele, "Tazama mbele, usitazame gurudumu! Gurudumu halikimbii!" Jana nimeingia kwenye chai na baiskeli nzima, wachumaji wakaacha vikapu wakaja kuangalia. Abdallah, jirani yangu wa Mtwara, ananiita Mwinjilisti, kwa sababu kila nikipanda nasali.

Najua mama atauliza mbona siji. Sababu anaijua. Mwaka juzi mliniandikia baba anaumwa kidogo, anaomba tumbaku. Nikanunua tumbaku Muheza, nikaja nayo, nikakuta kaburi limeshaota majani. Nikaambiwa ndiyo desturi, mtu aliye mbali haandikiwi msiba, anaitwa taratibu, aje apokelewe na watu. Mimi sikupokelewa na mtu, nilipokelewa na kaburi. Sijasahau, Raheli. Lakini wewe ulikuwa mtoto na sikulaumu.

Mpe mama shikamoo yangu hata hivyo.

Kaka yako,
Sefania


Ubiri, Lushoto, 16 Aprili 1967

Kaka Sefania, shikamoo.

Barua yako nimemsomea mama mara tatu. Mara ya kwanza alicheka mpaka akakohoa. Mara ya pili alitaka kujua kama hao wachumaji walikuwa wanawake. Nikasema hukuandika. Akasema, "Basi walikuwa wanawake."

Anakusalimu kwa Kishambaa, onga mshi, na anakuambia baiskeli si ng'ombe, haijui kwamba wewe ndiye mwenyewe, kwa hiyo usiiendeshe kwa hasira. Mahali pale ulipotaja tumbaku alininyamazisha, akaenda jikoni, akakaa huko. Sikumfuata. Kaka, hasira hiyo mpaka lini? Wazee ndio walioamua, mama alikuwa mjane wa siku moja, nani angemsikiliza?

Mvua ni nyingi, viazi vinaoza ardhini. Kile kikohozi chake hakijaisha lakini anapanda kwenda shambani kama kawaida, ukimzuia anakuita mzembe. Njoo basi. Njoo hata na hiyo baiskeli yako, tutakusukumia.

Mimi mdogo wako,
Raheli


Bulwa, 7 Mei 1967

Raheli,

Naendesha! Jumapili baada ya ibada nilikwenda Amani na kurudi, sikuweka mguu chini ila mara moja, na hapo palikuwa na nyani barabarani.

Sasa tunajifunza kwenda kwa msafara. Ni kazi nyingine kabisa. Mtu anakwenda nyuma ya mwenzake, gurudumu kwa gurudumu, wa mbele akichoka anapisha, anarudi mwisho. Ukiona shimo unanyoosha mkono ili wa nyuma ajue. Mika anasema mwendesha baiskeli mbaya si yule anayeanguka, ni yule anayeona shimo akanyamaza. Na mimi kuteremka ndiko kunanishinda. Nakamata breki zote mbili kwa woga, baiskeli inanirusha. Kutoka Bulwa hadi Muheza ni mteremko, na nimeshaacha ngozi ya magoti mahali pengi.

Mwambie mama nimefikiri. Kule kwenda kwake kukaa jikoni kumenikaa rohoni. Saba Saba ikipita naomba likizo, nakuja. Na siji kwa miguu wala kwa basi. Atakaa kibarazani aangalie ile kona ya kwa Mzee Yunis, ataniona nakuja juu ya baiskeli, mwanawe wa kwanza kufika Ubiri bila kusukuma.

Sefania


Ubiri, 21 Mei 1967

Kaka Sefania, shikamoo.

Naandika haraka, mtu anashuka Lushoto mjini sasa hivi. Mama anaumwa. Alianguka shambani Jumatatu, tukambeba kwa machela hadi hospitali. Daktari anasema ni mapafu, na moyo nao umechoka. Amelazwa. Usiku anatokwa na jasho, mchana anakuulizia wewe. "Mwite Sefania. Asingoje Saba Saba."

Kaka, najua utakavyofikiri. Ndiyo maana nakuambia waziwazi: mama yuko hai. Anaumwa, lakini yuko hai, anaongea, leo amekunywa uji na kuulaani kwamba hauna chumvi. Sikufichi neno. Njoo, tafadhali. Hiyo safari waachie wenzako.

Raheli


Bulwa, 4 Juni 1967

Raheli,

Nimeelewa.

Nilisoma barua yako nikiwa kwenye chumba cha kunyaushia majani, nikakaa chini juu ya magunia. Mika alikuja kunigombeza, akaniona, akazima mashine.

Mtu hamwambii mwenzake mara mbili katika barua moja kwamba mama yake yuko hai, kama yuko hai. Mlipomzika baba mliniandikia kwamba anaomba tumbaku. Safari hii mmenipa uji usio na chumvi. Asanteni. Mmejitahidi kuliko mara ile.

Barua ilichukua siku kumi kufika. Kwa hesabu yoyote mama ameshazikwa, na mimi nikija sasa nitakuja kutazama udongo tena. Siwezi, Raheli. Mara mbili siwezi. Nitakuja baadaye, nikipata moyo.

Wenzangu wamekaa nami matanga hapa kwenye kambi. Wakristo waliimba, Abdallah na watu wake wakasoma dua, na mama hakuwa Mwislamu lakini nadhani hakuchukia. Jana Abdallah ameninyoa. Dar es Salaam nitakwenda. Mama alicheka niliposema nimeanguka kwenye chai, na hicho ndicho kicheko chake cha mwisho nilichopewa, kwa hiyo nitaendesha kwa ajili yake mpaka mwisho wa barabara.

Kaka yako,
Sefania


Ubiri, 12 Juni 1967

Kaka! Umefanya nini?

Umemnyolea mtu aliye hai! Yupo hapa, kaka, tumemrudisha nyumbani, amelala chumba cha mbele, namsikia akikohoa ninapoandika. Naapa kwa Biblia ya baba. Naapa kwa kipaimara changu. Nimepaka wino kidole gumba chake na hiki hapa chini ni chake, tazama lile kovu la panga.

Sikumwambia kuhusu kunyoa. Shangazi Filomena aliisoma barua nyuma yangu akapiga yowe, mama akauliza kuna nini, tukasema panya. Nami nikakumbuka kwamba ndivyo tulivyo, hatuwezi kukaa siku moja bila kumficha mtu kitu.

Niandike nini ili uniamini? Niambie wewe. Nikisema anaumwa sana, unasema amekufa. Nikisema hajambo, unasema nakuficha. Nilie kwenye karatasi? Nimeshalia, angalia wino.

Njoo. Daktari hasemi ana muda mrefu.

Raheli


Bulwa, 22 Juni 1967

Mdogo wangu,

Alama ya kidole nimeiona. Kovu la panga analo pia Shangazi Filomena, wanawake wote wa kwetu wanalo, ndiyo kazi ya kukata majani ya ng'ombe.

Sikulaumu. Wamekukalisha chini wazee wakakuambia cha kuandika, na wewe unanionea huruma, hutaki nipande basi nikilia peke yangu. Najua. Lakini usiape tena kwa Biblia. Hilo mwachie Mungu.

Tunaondoka tarehe 28 alfajiri. Sasa nateremka vizuri. Mika anasema nimeacha kuogopa, na anasema haipendi namna nilivyoacha.

Sefania


Ubiri, 26 Juni 1967

Mwanangu Sefania,

Ni mimi mama yako, nasema na Raheli anaandika. Nimeamuru aandike kila neno, hata nikimtukana.

Nimejua kwamba umeninyolea. Filomena hana kifua, ameniambia. Sikukasirika. Nilitaka kujua tu kama ulilia. Raheli anasema ulilia. Basi vizuri, wengi wanazikwa bila kujua nani atawalilia, mimi nimejua.

Sasa sikiliza. Siku uliyokuja ukakuta kaburi la baba yako, watu walipokwisha kuingia ndani, ulikwenda nyuma ya nyumba ukaitoa ile tumbaku mfukoni, ukaitupa kwenye migomba. Ukasema kwa Kishambaa neno ambalo mtoto wa kanisani asingelisema. Ulifikiri uko peke yako. Mimi nilikuwa kwenye choo cha majani ya migomba, nilikuona na nilikusikia. Tumbaku nikaiokota. Nimeiweka kaburini kwa baba yako kwa mkono wangu, ili aliyoiomba aipate. Sikumwambia mtu, si Raheli, si Filomena, si wazee. Mtu aliyekufa hawezi kukuambia hili, na aliye hai anayelijua ni mimi tu.

Mara ile nilitaka uandikiwe ukweli. Niliwaambia. Walisema mwanamke ana uchungu, asisikilizwe. Nikanyamaza, na ule unyamavu ndio uliokuondoa nyumbani. Nimekukosa miaka miwili kwa ajili yake.

Njoo nikuone. Sitaki kitu kingine. Uje juu ya hiyo baiskeli kama ulivyoniahidi, maana nimeshawaambia majirani wote na sitaki kuonekana mwongo. Kila asubuhi wananitoa kibarazani naangalia ile kona.

Mama yako.

(Mimi Raheli habari ya tumbaku nimeisikia leo. Kaka, ni yeye. Ni yeye mwenyewe.)


Dar es Salaam, 8 Julai 1967

Raheli,

Tumefika. Kumi na mmoja, mmoja alivunjika mkono Chalinze akapandishwa lori. Mimi sikuanguka hata mara moja.

Nataka nikuambie jambo moja tu. Tulipofika Segera tukasimama kunywa maji. Pale njia zinagawanyika. Kulia unakwenda Korogwe, Mombo, unapanda kwetu. Kushoto ni Dar es Salaam. Nilitazama kulia, milima yetu ilikuwa inaonekana, ina mawingu. Nikamwambia Mika, "Nikienda huku nafika kesho." Mika akasema, "Nenda basi, nitawaambia." Nikashika usukani nikaugeuza kabisa. Halafu nikajiuliza, naenda kumwona nani? Nikarudi kwenye mstari. Segera tulikata kushoto.

Watu walitushangilia mjini, wanawake walitutupia kanga. Nililia na watu wakadhani ni furaha. Karibu nitakuja kuona kaburi.

Sefania


Bulwa, 13 Julai 1967

Raheli! Raheli!

Tumerudi jana kwa lori la kiwanda. Barua ya mama nimeikuta kwa karani. Ilifika siku mbili baada ya sisi kuondoka. Nimeisoma nimesimama, nimeisoma nimekaa, nimeisoma nikiwa nimelala chini kwenye sakafu, na Abdallah akadhani nimeugua.

Yuko hai. Mama yuko hai! Nilitupa tumbaku kweli, nilisema lile neno kweli, na hapakuwa na mtu. Ee Mungu, mimi ni mpumbavu wa namna gani? Uliniapia kwa Biblia na mimi nikakuambia usiape. Nisamehe, mdogo wangu. Segera nilikuwa nimeshageuza usukani!

Meneja amenipa ruhusa kuanzia tarehe 20. Kabla ya hapo hataki kusikia, tumekwisha kukosekana kazini siku nyingi. Mika ananiazima baiskeli yake, ndiyo yenye breki nzuri. Ijumaa tarehe 21 nitalala Magoma kwa Baba mdogo Danieli, Jumamosi nitapitia Korogwe na Mombo, nipande. Mwambie mama akae kibarazani Jumamosi jioni. Mwambie nywele zimeanza kuota.

Nitumie neno Magoma, hata mstari mmoja, nijue anaendeleaje kabla sijaanza ule mlima. Utakachoandika nitakiamini. Ukisema hajambo, nitaamini hajambo. Naapa, na safari hii naapa mimi.

Kaka yako mpumbavu,
Sefania


Ubiri, 19 Julai 1967

Baba mdogo Danieli, shikamoo.

Barua hii anakuletea Juma, utingo wa lori la mboga. Ndani yake kuna nyingine ndogo ya Sefania, atakayelala kwako Ijumaa. Yako usimwonyeshe.

Baba mdogo, mama ametutoka. Ni Jumapili alasiri. Tulimzika Jumatatu, karibu na baba. Najua mguu wako haukuruhusu kupanda, na ndiyo maana hatukukungoja. Barua ya Sefania ya kusema anakuja imefika jana, Jumanne. Siku moja baada ya kumzika. Mama amekwenda akijua mwanawe anamhesabu maiti. Saba Saba tulisikia kwenye redio ya mwalimu kwamba baiskeli za Tanga zimeingia Dar es Salaam. Akauliza, "Alipita wapi?" Nikasema sijui. Akasema, "Alipita njia yake." Tangu siku hiyo hakutaka tena kutolewa kibarazani.

Wazee wamekaa jana usiku wakasema niandike mama anaendelea vizuri. Niliwakatalia. Niliwaambia desturi hii imetula mara mbili, imemla baba na imemla mama, sitaandika uongo hata mkinichapa. Nikachukua karatasi nikaandika ukweli, "Kaka, mama amekufa," nikaukunja.

Halafu nikafikiria ile barabara. Wewe unaijua, Baba mdogo, kutoka Mombo hadi Soni, mwamba upande huu na korongo upande huu, na malori ya mbao yanashuka. Na yeye ni mtu wa miezi mitatu juu ya baiskeli. Mika wake alimwona akiendesha na msiba wa uongo, akasema haipendi ile namna alivyoacha kuogopa. Huu ni wa kweli. Nimemwona kaka yangu korongoni, Baba mdogo, nimemwona macho yakiwa wazi. Ukimwambia apande basi atauliza kwa nini, na ukishaulizwa kwa nini umeshasema.

Nimeichana ile karatasi. Nimeandika nyingine. Nilipomwambia kweli hakuniamini hata kwa Biblia, na sasa nadanganya na ataniamini kabisa, na akifika hapa hataniamini tena maisha yake yote. Afadhali afike.

Mpe chakula, mkagulie breki. Ukilia, lia kabla hajafika.

Binti yako,
Raheli


Ubiri, 19 Julai 1967

Kaka Sefania, shikamoo.

Barua yako tumeipata, tumefurahi sana. Mama hajambo. Kikohozi kimetulia kabisa, sasa hasumbuki usiku. Nimemsomea kwamba unakuja juu ya baiskeli, ametabasamu. Anasema hana haraka, kwa hiyo na wewe usiwe na haraka.

Panda polepole. Ukisikia lori, shuka usimame kando mpaka lipite. Ukichoka lala Soni, uje Jumapili, hakuna kitakachoharibika.

Kwenye ile kona ya kwa Mzee Yunis utanikuta mimi. Mama atakuwa ndani. Shuka hapo kwanza, uniache nikushike mkono, twende nyumbani pamoja kwa miguu.

Mdogo wako,
Raheli